Nafsi na Nyudhuru Zake

Limeletwa katika darsa letu swali ambalo mwulizaji alilisema kwa maneno machache, nalo lataka jawabu refu. Ameuliza: kwa nini watu wawili walio sawa katika ilimu, sawa katika ibada na sawa katika umri, mmoja akikosea husema upesi, "Nimekosea," na wa pili akikosea hukusanya sababu kumi za kuonyesha kwamba hakukosea? Tena huyo wa pili si mwongo. Ukimwapisha ataapa, na moyo wake umetulia.

Kwanza yatupasa kulitenga jambo hili na uwongo. Mwongo aijua kweli iliko, akawaficha watu. Huyu tunayemtaja ameificha kweli mbele ya nafsi yake, hata mwenyewe haioni tena. Katika Sura ya Yusuf, wana wa Nabii Yaakub walipomletea baba yao kanzu yenye damu, yeye aliwajibu kwamba nafsi zao zimewapambia jambo. Damu ile ilikuwa uwongo wa kumdanganya mzee. Lakini kabla ya kumdanganya mzee, nafsi zao zilikuwa zimekwisha kuwapambia wao wenyewe. Nasi tutalichukua neno hilo, tuliite jambo hili kujipambia.

Mfano wake tunao majumbani. Mtu amefiwa na baba, ikabaki nyumba na shamba la minazi, na dada yake ana fungu lake katika Sharia lisilo na shaka. Mwaka wa kwanza husema: "Tungoje eda ya mama iishe." Mwaka wa pili: "Dada ameolewa na mtu mwenye nafasi, hana haja." Mwaka wa tano: "Mimi ndiye niliyelitengeneza paa, na gharama zangu zimelipita fungu lake." Kila neno katika hayo lina chembe ya kweli, na hapo ndipo penye hatari, kwani udhuru usio na kweli yoyote ndani yake hauiridhishi hata nafsi ya mtoto. Mtu huyo huswali safu ya kwanza. Huenda akatokwa na machozi akisomewa habari za waliodhulumu mayatima, na asijisikie kwamba ametajwa.

Jawabu la haraka ni kusema kwamba mtu wa namna hii ana upungufu wa imani, au upungufu wa akili. Upungufu wa imani hatuukatai, lakini haututoshi, maana twawaona wacha Mungu wa kweli wakiingia katika mtego huu, na twawaona watu wasioshika dini sana wakiukwepa. Ama upungufu wa akili, hilo twalikataa kabisa. Mwenye akili nyingi hupata nyudhuru nyingi zaidi, tena zilizopangwa vizuri. Watafiti watatu, West, Meserve na Stanovich, walitoa mwaka 2012 matokeo ya uchunguzi wao juu ya tabia ya mtu kuona upotofu wa fikra za wenziwe asiuone wake, wakakuta kwamba wenye akili zaidi hawakusalimika kuliko wengine. Akili katika jambo hili ni wakili wa nafsi, humtetea aliyemlipa.

Basi tofauti yatoka wapi? Ili tuione vizuri, tutachukua kisa kilichotukia katika njia yetu wenyewe ya kwenda bara. Msafiri atokaye Mombasa hupita Maungu, na karibu ya kufika Voi huona mlima mrefu ambao leo waitwa Saghala. Katika vitabu vya zamani mlima huo waitwa Ndara, na misafara ya Uchaga ilikuwa ikipita karibu nao baada ya kuivuka nyika ya Taru isiyokuwa na maji.

Tarehe 27 Aprili mwaka 1848 aliondoka Rabai kwa njia hiyo mmishenari wa Kijerumani, Johannes Rebmann. Silaha aliyochukua ilikuwa mwavuli. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za Uchaga kwa kuzipita. Walivuka Utaita, na asubuhi ya tarehe 11 Mei, yapata saa nne, Rebmann akaona juu ya mlima mrefu kitu cheupe mno. Akadhani ni wingu. Akamwuliza Bwana Kheri, naye akakubali kwamba ni wingu. Wakaenda hatua chache, Rebmann hakutulia, akauliza mara ya pili. Safari hii Bwana Kheri akajibu kwamba pale kweli pana wingu, lakini ule weupe hajui ni nini. Adhani ni baridi. Papo hapo Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akaitambua theluji.

Twamwomba msomaji asimame kidogo katika lile jawabu la pili la Bwana Kheri. Kiongozi wa msafara hula kwa kujua. Akiulizwa ni mto gani ule, ni kabila gani lile, hapana budi awe na jawabu. Naye dakika chache kabla alikuwa amekwisha kusema ni wingu. Njia nyepesi ilikuwa kushikilia: "Nimekwambia ni wingu." Nyudhuru zake zilikuwa tayari, kwani mawingu hayakosi katika kilele kile. Badala yake alisema hajui, na baada ya kusema hajui, akasema lile dogo alilolijua. Theluji hakuwa na jina lake. Baridi alikuwa nayo, akalitumia neno hilo. Wala hakuwa mbali na kweli.

Rebmann naye aliyaandika yote kama yalivyokuwa: kwamba alidhani ni wingu, kwamba aliuliza mara mbili, kwamba kutambua kwake kulimjia moyoni ghafula. Habari ilichapishwa London mwaka 1849. Mwaka huo huo, tarehe 10 Novemba, mwenzake Ludwig Krapf akiwa Maungu katika safari ya Ukambani aliuona mlima ule kwa mbali, nyuma ya Ndara na Bura, zaidi ya kilomita 150 kutoka aliposimama, naye akaona kwamba weupe ule hauwezi kuwa kitu kingine ila theluji.

Huko London alikuwako mtu aitwaye William Desborough Cooley. Tusimdharau, maana kisa hiki hakina faida ikiwa mtu huyu alikuwa mjinga. Alikuwa katika wanazuoni wakubwa wa jiografia wa zama zake. Mwaka 1832 alimfichua Mfaransa mmoja, Douville, aliyetoa kitabu cha safari za Kongo, akaonyesha kwa hoja kwamba safari ile ni ya kubuni. Mwaka 1841 alitoa kitabu juu ya nchi za Sudani ya Magharibi kwa kuzilinganisha habari za waandishi wa Kiarabu kama Al-Bakri na Ibn Battuta, na kitabu hicho wanazuoni wakaendelea kukiheshimu. Juu ya bara letu aliwahi kuwauliza watu wa Mwambao waliofika London, mmoja wao Khamis bin Uthman, akakusanya maneno yao, na mwaka 1845 akatoa makala ndefu yenye ramani, na ndani yake ziwa moja kubwa. Miguu yake haikupata kukanyaga Afrika Mashariki.

Cooley aliikataa theluji ya Rebmann. Asidhani mtu kwamba aliikataa kwa sababu theluji haiwezi kuwako karibu na Ikweta. Wazungu walikwisha kuijua theluji ya milima ya Amerika ya Kusini, na Mjerumani Humboldt alikwisha kuupanda Chimborazo mwaka 1802. Hoja zake zilikuwa nzuri kuliko hizo. Alisema Rebmann haoni vizuri kwa mbali. Alisema masafa hayalingani. Na hasa aliyashika maneno ya Rebmann mwenyewe, lile la kutambua moyoni, akasema: basi mtu huyu ameiona theluji kwa fikra wala hakuiona kwa macho.

Hapa pana jambo ambalo twaona watu wengi hawalitambui. Asiyejipambia huacha alama za shaka yake katika maneno yake. Husema, "Kwanza nilidhani," husema, "Niliuliza tena." Anayejipambia maneno yake hayana ufa. Kwa hiyo mbele ya baraza, wa kwanza huonekana dhaifu na wa pili huonekana ameshinda, na shaka ya mkweli hugeuzwa ikawa silaha juu yake. Rebmann angaliandika kwa ukali kwamba aliiona theluji tangu mwanzo bila ya shaka, Cooley angalikosa pa kumshika. Ni wangapi katika mabaraza yetu wamejifunza kusema bila ya ufa kwa sababu hiyo tu!

Mwaka 1862 Baron von der Decken na mwenzake Otto Kersten waliupanda mlima hata wakapita mita 4,000, theluji ikawaangukia. Cooley akawadhihaki, akampongeza Baron kwa kupata dhoruba ya theluji wakati hasa alipoihitaji. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Baron nishani ya dhahabu. Mwaka 1871 Charles New, mmishenari wa Ribe, akafika kwenye theluji yenyewe akaigusa kwa mkono. Cooley alikufa mwaka 1883 akiwa katika upinzani wake. (Barafu ya Kilimanjaro imepungua sana tangu hapo, kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa kiasi cha asilimia 85. Atakayeichelewa atafika akute mlima kama alivyoutaka Cooley, lakini hilo halitamfanya mzee yule kuwa alisema kweli.)

Amma Charles Beke, mwanazuoni mwingine wa London, yeye aliisadiki theluji mara moja. Lakini Beke alikuwa na rai yake ya zamani kwamba Milima ya Mwezi iliyotajwa na wazee wa Kiyunani iko upande wa mashariki, na milima ya theluji ilikuja kumfaa katika rai hiyo. Twamtaja ili isidhaniwe kwamba mwenye kupata ndiye asiyejipambia. Mtu aweza kuifikia kweli kwa njia ile ile ya kufuata analolitaka, ikawa kweli imemkuta njiani kwa bahati. Tusihukumu kwa mwisho peke yake. Tutazame je, mtu huyu angaligeuka kama mambo yangalikuwa kinyume?

Sasa tuwapime watatu hawa. Bwana Kheri alikuwa akifanya kazi ambayo kosa lake hujibiwa siku ile ile. Baina ya pwani na Ndara mna nyika ambayo msafara huishi kwa kujua mahali pa maji. Na Maungu penyewe maji yalikuwa katika mashimo ya mawe mlimani, huenda yapo, huenda hayapo. Kiongozi akisema maji yapo nayo hayapo, hana nafasi ya kuandika makala. Makoo ya wapagazi yatamjibu kabla ya jua kutua. Mtu aliyelelewa na kazi ya namna hiyo miaka mingi huzoea kuigeuza kauli yake mapema, wakati ambapo kuigeuza ni rahisi. Rebmann naye alikuwa na mlima mbele yake, na hatua chache zaidi zilitosha kumwonyesha zaidi. Tena hakuwa na ramani ya kuitetea. Lakini Cooley, akikosea, ni nani atakayekufa kwa kiu? Kosa lake halikumrudia kamwe. Kila mwaka aliandika, na kila alilolitetea lilizidi kuwa mali yake, hata kukiri kukawa ni kuibomoa nyumba aliyoijenga kwa umri wote. Na ule ushindi wake juu ya Douville, nao ulikuwa wa haki, ulimzoesha kuwaona wasafiri wote kwa jicho moja. Aliyewahi kumkamata mwizi usiku na akasifiwa, hatari yake ni kumwona kila apitaye usiku kuwa mwizi.

Hata hivyo si kila mtu aliyeishi na kiu na jua amesalimika, na hapa twaja kwenye jambo la pili, nalo ni gharama ya kukiri. Katika vilima vya Taita vinavyotazamana na Ndara, wazee walikuwa na mila iitwayo kutasa. Mwanachuoni wa Kimarekani, Grace Harris, aliyekaa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima juu ya mila hiyo. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichika moyoni mwa mtu yaweza kuwadhuru watu wake, watoto na mifugo, hata kama mwenyewe hakukusudia. Ukija ugonjwa, mpiga ramli hutaja ni hasira ya nani. Na huyo aliyetajwa huchukua funda la pombe au la maji ya miwa, akalipuliza, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kutaka heri.

Hatuileti mila hii ili iigwe. Hukumu ya kupiga ramli na ya pombe yajulikana kwa kila msomaji wetu. Twataka itazamwe katika jambo moja tu. Kuambiwa una hasira moyoni hakukuwa sawa na kuambiwa wewe ni mchawi. Mchawi ni mtu mbaya, naye atajitetea hata pumzi ya mwisho. Ama hasira yaweza kumshika yeyote, mzazi, mzee, ndugu, na mara nyingi ni hasira ya haki, ya mtu aliyekosewa. Kwa hiyo aliyetajwa hakuwa na haja ya kuitetea heshima yake. Njia ya kutoka ilikuwa fupi, yajulikana na wote, na akiipita hurudi kukaa katika kiti kile kile alichokuwa amekalia. Watu wale waliifanya toba ya moyo kuwa rahisi, na kwa hiyo mtu hakulazimika kuuziba moyo wake asiusikie.

Sasa tujitazame sisi. Mtu akisimama katika mji wetu akasema, "Fungu la dada yangu nimekaa nalo miaka saba, nalo ni haki yake," je, twampokeaje? Wengi watasema: "Kumbe! Miaka saba yote akituonyesha utawa." Habari itakwenda kutoka mtaa hata mtaa, na watoto wake watatajiwa. Aliyeyaona hayo yakimpata jirani atakuwa amejifunza somo, na somo lenyewe ni kutengeneza udhuru wa mwaka wa nane. Twawalaumu watu kwa kujipambia, ilhali sisi wenyewe ndio tulioipandisha bei ya kukiri.

Imam Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), alitaja katika Ihya njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake: kukaa mbele ya sheikh mwenye kuyajua maradhi ya nyoyo, kumtafuta rafiki mkweli amwangalie, kuzisikiliza ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu, akiona baya kwa mwenziwe alitazame katika nafsi yake. Tazama kwamba katika njia nne hizo, hapana hata moja ambayo mtu hujifungia chumbani akajichungua peke yake. Zote zahitaji mtu wa pili, na ya tatu yamhitaji hata adui. Na rafiki mkweli, Imam asema, amekuwa adimu katika zama zake. Naye alishangaa kwamba mtu akituonya kuwa pana nge katika nguo zetu twamshukuru, na akituonya juu ya tabia zetu twamchukia.

Kwa maoni yetu, hata Sharia katika mambo ya mali imejengwa juu ya maarifa hayo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Haikusema kwamba wakopeshanao ni wezi. Watu wawili wanaopendana, bila ya karatasi, baada ya miaka mitatu kila mmoja atakumbuka hesabu inayomwelekea yeye, na wote wawili watakuwa wakweli katika viapo vyao. Karatasi haibembelezeki. Yafanya kazi ile ile iliyofanywa na shimo la maji la Maungu: hujibu, nayo haijali cheo cha anayeuliza. Kwa hiyo msimamizi wa mali ya yatima mwenye daftari linalosomwa kila mwezi mbele ya watu wawili si lazima awe mwema kuliko asiye nalo. Ila nafsi yake haipati wasaa wa kulipamba jambo, kwani limekwisha kusomwa.

Ndugu mwulizaji aliongeza neno mwishoni: je, mtu mzima aliyezoea kujipambia aweza kuacha? Twaona aweza, lakini tusimtazamie kuanza na moyo wake. Aanze na watu walio karibu naye. Yule ndugu mwenye kulishika fungu la dada yake, hebu tumtazame amezungukwa na nani. Dada mwenyewe, siku mume wake akipungukiwa, hula katika nyumba ya kaka yake, hawezi kumwambia. Mpangaji hawezi kumwambia. Mwalimu wa madrasa ambaye mshahara wake hutoka katika mkono ule ule hawezi kumwambia, na huenda akampatia aya ya kumliwaza. Watoto wameshalihesabu shamba kuwa lao. Mtu huyo anaweza kuzunguka mji mzima, kuanzia alfajiri hata isha, asikutane na mtu hata mmoja awezaye kumwambia "umekosea" na kesho yake akaamka bila ya hasara. Akitaka kuanza, na amtafute mtu huyo kwanza, hata kama itambidi kumtafuta katika mtaa wa pili, miongoni mwa watu asiopatana nao. Na akishampata, amwombe akae siku ya kugawanya, dada naye awepo kwa nafsi yake, na kila kitu kiandikwe siku hiyo hiyo kabla ya watu kutawanyika.

Swali la pili lililoletwa, juu ya hesabu za wakfu na namna ya kuzisoma mbele ya watu, tutalijibu katika toleo lijalo inshallah.